Tupimieni Waya Kama Dhahabu

Kwa Jukwaa la Watekelezaji wa USB (USB-IF),
Beaverton, Oregon,
Marekani.

YAH: OMBI LA KUJUA WAYA UNA NINI TUMBONI

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi nina steshenari hapa Bugarama, Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga. Natoa fotokopi, nachapa barua za maombi ya kazi, naingiza nyimbo kwenye flashi na kuchajisha simu za watu. Ninyi hamnijui, lakini huenda mali ya kwetu mmeshaishika. Jirani yetu ni mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Pamoja na dhahabu, hutoa mchanga wenye shaba na fedha ndani yake, yale makinikia. Mwaka 2017 makontena 277 ya makinikia yalizuiwa bandarini Dar es Salaam, na nchi nzima, kuanzia bungeni hadi kijiweni, ikawa na swali moja: humo ndani mna nini hasa?

Sasa shaba ndiyo mshipa wa waya. Dhahabu nayo hupakwa kwenye meno ya plagi kwa sababu haishiki kutu, utando mwembamba ambao kwa kawaida haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hiyo sisi ni kama wajomba wa huu waya wenu. Tumekuja kuuliza habari za mpwa wetu.

Kwanza shukrani. Kabla hamjaleta USB mwaka 1996, kibodi ilikuwa na plagi yake, kipanya yake, na printa ilikuwa na dude pana kama kitana. Kwenye simu nako, mwenye Nokia ya pini nyembamba hakuweza kumwazima chaja jirani yake, na wote wakiishiwa waliangukia kwa chaja ya kobe, ile ya kubana betri. Mwaka 2014 mkatoa tundu la USB-C, lisilo na juu wala chini. Umoja wa Ulaya ukaamuru simu mpya zinazouzwa huko zilitumie kuanzia tarehe 28 Desemba 2024. Hata Apple, waliokuwa na tundu lao tangu 2012, walisalimu amri kwa iPhone 15 mwaka 2023. Tukasema: hatimaye, waya mmoja kwa wote.

Kumbe mmetupa mdomo mmoja na matumbo kumi.

Mteja ananijia na waya mpya wa USB-C kutoka stendi. Simu inachaji vizuri, lakini kompyuta haiioni: waya huo una nyuzi za umeme tu, nyuzi za kupitisha mafaili hazimo. Wa pili ana waya wa sura ileile. Unapitisha mafaili, ila kwa megabiti 480 kwa sekunde, mwendo wa USB 2.0 ya mwaka 2000. Waya wa tatu una sura hiyohiyo na unakwenda gigabiti 40. Ukiilaza mezani yote mitatu, hata mama yao hawezi kuitofautisha.

Halafu mwalimu mmoja akaja na kompyuta mpya na adapta ya kutoka USB-C kwenda HDMI, tuiunganishe na projekta kwa ajili ya kikao cha wazazi. Adapta iliingia bila shida, taa ikawaka, ukuta ukabaki mweupe. Baada ya nusu saa ya kuchomoa na kuchomeka ndipo nikagundua kwamba tundu la USB-C kupitisha picha ni hiari ya aliyetengeneza kompyuta, na huyu hakupenda. Wazazi walisomewa matokeo kwa mdomo. Aliyeuza adapta simlaumu, na kompyuta ile hamkuitengeneza ninyi. Nauliza tu: hiari ya namna hiyo, mnunuzi aione wapi?

Mtaniambia nisome jina la aina ya USB. Nimesoma. Mwaka 2008 gigabiti 5 kwa sekunde ziliitwa USB 3.0. Mwaka 2013 zikawa USB 3.1 Gen 1. Baadaye zikawa USB 3.2 Gen 1. Mwendo ni uleule, umebatizwa mara tatu. Sisi Wasukuma tuna desturi ya majina: ukisikia Kulwa, unajua yuko Doto, ukisikia Shija, unajua mapacha walimtangulia. Jina linakueleza mtu alivyozaliwa. Lenu la “Gen 2x2” lingewachanganya hata Kulwa na Doto wenyewe.

Sikatai kwamba mmejirekebisha. Mwaka 2021 mlitangaza alama za waya wa wati 60 na wa wati 240, na mwaka uliofuata mkaamua majina yawe ya gigabiti tu. Heri. Ila alama hizo ni za waya uliopelekwa kupimwa, na kupimwa ni hiari. Waya wa stendi haujawahi kupimwa na mtu. Pakiti yake ina picha ya radi na neno “orijino”. Orijino ya nini, haisemi. Ukiuchuna, mara nyingine unakuta alumini iliyovikwa shaba.

Huku mnunuzi wa dhahabu haulizi jina la kipande. Hukipima kikavu, hukipima tena ndani ya maji, ndipo anataja bei. Ukimletea shaba iliyovikwa dhahabu, maji yatamwambia. Waya hauna maji ya kupimia, na tundu linaupokea wowote ule.

Kwa hiyo naomba mambo matatu:

1. Kila plagi ya USB-C iandikwe shingoni namba mbili: wati na mwendo. Hilo liwe sharti, lisiwe hiari.
2. Waya usiopitisha mafaili uandikwe “chaji tu”.
3. Kila tundu la kompyuta liwe na alama ya kuonyesha kama linapitisha picha.

Nikijibiwa, jibu nitalibandika mlangoni. Kwa sasa pale mlangoni nimebandika tangazo langu mwenyewe: “Ukinunua waya, ujaribu kwa simu yako na kompyuta yako mbele ya muuzaji, kabla hujatoa hela.”

Wenu katika kuchomeka na kuchomoa,

Mwenye steshenari,
Bugarama.

Nakala: Shirika la Viwango Tanzania, kwa taarifa.