Up, Off na Wenzao: Mwongozo wa Kuchapia kwa Kujiamini

Kwanza, usijilaumu. Mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kamusi yake ya Kiingereza, na kwenye dibaji akakiri mwenyewe kwamba vitenzi hivi vinavyobebeshwa kijineno mgongoni na kugeuka maana ndivyo vinavyowatesa wageni kuliko vyote. Wageni bado tunateseka.

Chukua kitenzi kipole kama put. Kipe off, umeahirisha. Kipe on, umevaa. Kipe out, umezima moto. Kipe up halafu with, umevumilia, na uvumilivu utauhitaji kabla hatujafika mbali. Usiulize off na kuahirisha wana undugu gani. Mwalimu atakujibu "ndivyo wanavyosema wenyewe", na kipindi kitaishia hapo.

Sasa kitangulizie can, must au should. Kanuni ni moja: mbele ya wakubwa hawa kitenzi husimama kitupu, bila to, bila -s, bila -ing. Must give up, basi. Kwa kuwa ni nyepesi, ndiyo tunayoivunja kila siku. Lakini ukitaka uheshimike kikaoni, unganisha mabehewa yote: the meeting should have been put off. Mtu wa Kiswahili angesema kilipaswa kuahirishwa, akarudia sambusa yake ingali moto.

Jihadhari na taa. Niliwahi kulaza mgeni Mwingereza, nikamwambia kwa adabu zote, "You can put off the light." Akanitazama, akaitazama taa, akauliza tuiahirishe mpaka lini. Kwao taa ni turn off. Kwetu Afrika Mashariki tunaiahirisha kila usiku, na giza linaingia vilevile.

Hesabu ya up nayo tumeifanya kivyetu. Kumpitia mtu ni pick up, ila sisi husema "I will pick you at five", up hakuna. Usidhani imepotea. Tumeihamishia kwenye cope: "I can't cope up with this jam." Mwenye lugha huishia cope with. Tulichopunguza huku tumeongeza kule, na mkaguzi yeyote wa hesabu angetupitisha.

Kuna na vivumishi. Kitenzi kikitumika sana huchoka, kikawa sifa: kiatu kilichokwisha ni a worn-out shoe, gari lililokufa njiani ni a broken-down car. Kistari hukaa pale sifa inapotangulia jina. Jina likitangulia, kistari kinakwenda zake: the shoe is worn out. Ukishazoea tu, kijineno kinaruka mbele. Mchangamfu ni outgoing, ingawa hajatoka nyumbani wiki nzima, na kinachokirihisha ni off-putting, ingawa hakiahirishi chochote.

Zoezi la nyumbani: mwandikie bosi wako sentensi moja yenye must, put up with na worn-out. Mimi niliandika, "I must put up with this worn-out chair." Kagua kitenzi kama kimesimama kitupu, kagua kistari, kagua kijineno. Kisha usiitume mpaka mshahara uingie.