Majani Mabichi Hayaliwi: Majibu kwa Kaya za Sosiot

Safu hii huwahudumia wasomaji wa Sosiot, mji mdogo wa Belgut katika kaunti ya Kericho, pamoja na jirani zao wa upande wa Bomet, ambao shida zao zina sifa moja inayosahauliwa mara kwa mara, nayo ni kwamba nyingi zina tarehe. Kwingineko janga huja bila kupiga hodi. Katika nchi ya majani chai mwezi wa bonasi unajulikana, mwezi wa karo unajulikana, na mwezi ambao ghala la mahindi hubaki na vumbi tu unajulikana hata na panya. Kwa hiyo neno maandalizi, kama linavyotumika hapa, lina maana ya kutenda jambo katika wiki ambazo hakuna shida yoyote, na kwa kadiri barua zilizopokelewa zinavyoonyesha, hizo ndizo wiki ngumu kuliko zote.

Barua ya kwanza imetoka kwa baba wa watoto wanne aliyejiita Mngoja Oktoba, ambaye anaeleza kwamba bonasi yake ameshaiahidi kwa muuza makochi wa Kericho mjini, kwa shemeji yake anayedai ng'ombe wawili wa mahari waliosalia, na kwa shule ya watoto, na sasa anauliza ni nani kati ya hao watatu anayeweza kudanganywa bila madhara makubwa.

Kabla ya jibu, bonasi yenyewe yafaa ielezwe kwa wasomaji wasio na shamba la chai. Mkulima mdogo huchuma majani mabichi, huyapeleka kwenye kituo cha kununulia yakapimwa, na lori huyabeba hadi kiwanda, kama vile Momul, Tegat au Toror, kinachosimamiwa na KTDA, shirika lililoanza kama mamlaka ya serikali mwaka 1964 na kubinafsishwa mwaka 2000. Mwezi unaofuata hulipwa kiasi kidogo kwa kila kilo, na baada ya hesabu za mwaka kufungwa mwisho wa Juni hupewa malipo ya pili, ambayo kwa kawaida hufika karibu na Oktoba, na hayo ndiyo yanayoitwa bonasi. Ukubwa wake hutegemea bei ya mnada wa Mombasa, thamani ya shilingi mbele ya dola na gharama za kiwanda, mambo matatu ambayo hakuna hata moja linaloamuliwa Sosiot. Mwaka 2025, viwanda vingi vya magharibi mwa Bonde la Ufa vilipotangaza bonasi ndogo kuliko ya mwaka uliotangulia, na ndogo zaidi kuliko ya wenzao wa mashariki, wakulima walitoka barabarani kulalamika. Walikuwa na haki ya kulalamika, lakini duka la makochi halipokei malalamiko badala ya fedha.

Hesabu ya Mngoja Oktoba ni fupi. Ikiwa kwa mwaka amepeleka kilo 4,000, bonasi ya shilingi 30 kwa kilo humpa shilingi 120,000, na ya shilingi 15 humpa 60,000, ilhali idadi ya watoto wake haipungui kwa nusu mnada unapolegea. Inashauriwa, basi, kwamba atafute risiti za miaka mitano iliyopita, achague bonasi iliyokuwa ndogo kuliko zote, na apange mwaka kwa hiyo peke yake, huku kinachozidi akikihesabu kuwa ni mgeni ambaye si lazima aje. Katika kiasi hicho kidogo, la kwanza ni karo ya Januari, la pili ni mahindi, na la tatu ni mchango wa bima ya afya ya jamii, ile iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, ambayo kwa wasio na mwajiri huanzia shilingi 300 kwa mwezi na hulipwa kwa mwaka mzima, yaani shilingi 3,600 kwa uchache, jambo linaloifanya iwiane na mfuko wa mkulima, kwa kuwa naye hushika fedha za maana mara moja kwa mwaka. Shemeji apewe ng'ombe mmoja na maneno mazuri, kwa kuwa mahari si lazima iwe deni la kulipwa kwa siku moja. Kochi libaki dukani.

Barua ya pili na ya tatu zimetoka nyumba moja, na kwa kuwa zina mwandiko mmoja, inadhaniwa kwamba mjukuu ndiye aliyewaandikia pande zote mbili, pengine kwa malipo. Mkaza mwana anadai kwamba mahindi yahifadhiwe katika mifuko mipya isiyopitisha hewa; mama mkwe anashikilia kwamba tangu alipoolewa mahindi yamekaa darini juu ya moshi wa jiko na hakuna aliyekufa njaa. Mume, kwa mujibu wa barua zote mbili, aliuza magunia matano mwezi wa Septemba bei ikiwa chini kabisa, na tangu Mei nyumba hiyo hununua mahindi kwa gorogoro, yaani ule mkebe wa takriban kilo mbili ambao kwa huo maskini hulipa bei ya juu kuliko tajiri anayenunua gunia. Wasomaji wanakumbuka katikati ya mwaka 2022, pakiti ya unga ya kilo mbili ilipovuka shilingi 200. Wakati huo gunia moja lililobaki nyumbani lilikuwa na thamani kubwa kuliko hoja za wanasiasa wote waliokuwa wakiomba kura.

Ubishi wenyewe unahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu yeyote aliyetunga methali kwamba akiba haiozi hakuhifadhi mahindi Kericho, ambako mvua hufikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka na hewa haikauki sawasawa hata jua linapowaka. Punje inayowekwa ghalani yapasa iwe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ikizidi hapo huota kuvu, na aina fulani za kuvu hutoa sumukuvu, sumu ya ini isiyoonekana wala kuisha kwa kuchemshwa. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125, hasa katika nchi ya Ukambani, Makueni na Kitui, na wengi wao walikula mahindi ya nyumbani kwao wenyewe. Kipimo cha maskini kipo: chupa kavu yenye kifuniko hutiwa punje hadi theluthi, ikaongezwa chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, ikatikiswa dakika chache na kuachwa itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi yarudishwe juani, juu ya turubai na si juu ya udongo, kwa kuwa kuvu hukaa udongoni. Chumvi isipoganda, hiyo ni habari njema lakini si cheti, kwa kuwa kati ya 13.5 na 15 chupa haisemi kitu, na siku moja zaidi ya jua haijamdhuru mtu.

Sasa mfuko usiopitisha hewa hufanya kazi kwa kuwanyima wadudu hewa ya oksijeni, wakafa bila dawa yoyote, akiwemo yule dumuzi mkubwa ambaye Wakenya wamempa jina la Osama na ambaye huweza kugeuza gunia kuwa unga usiolika katika miezi michache. Lakini mfuko huo haukaushi kitu. Mahindi mabichi yakifungwa ndani yake huoza kwa siri. Moshi wa mama mkwe, kwa upande wake, hukausha na kuwakera wadudu, ila hauwamalizi. Ukweli, kwa hiyo, ni kwamba dari itangulie na mfuko ufuate, na safu hii inafahamu kwamba hukumu ya kuwapa wote haki haijawahi kuleta amani katika jiko lolote. Linaloweza kuwapatanisha ni wimbi. Punje zake ndogo hazipendwi na wadudu na huweza kukaa miaka ghalani, na ndilo lililosongwa kimyet, yaani ugali wa Wakipsigis, kabla mahindi hayajatawala. Tena, ugonjwa wa mahindi unaoua shamba zima, unaotokana na virusi viwili vinavyoshirikiana, ulithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2011 huko Longisa, kaunti ya Bomet, na mojawapo ya njia za uhakika za kuuzuia ni kutopanda mahindi juu ya mahindi msimu baada ya msimu. Kaya inayopanda kipande cha wimbi na kingine cha viazi imejibu maswali mawili kwa jembe moja. Kuhusu mume na magunia matano, inashauriwa funguo za ghala zikae kwa mama mkwe.

Msomaji mwingine, aliyejiita Mwenye Mabati, analalamika kwamba mke wake na mabinti huteremka mtoni mara mbili kwa siku na kurudi wamechoka, hata katika miezi ambayo mvua hunyesha kila alasiri, na anauliza kama kuna chakula cha kuwaongezea nguvu. Jibu liko juu ya kichwa chake. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita sita kwa saba, likinyeshewa milimita 10, hupokea lita 420, na hata theluthi ikipotea kwa kumwagika na kuruka, hubaki lita 280, yaani mitungi 14 ya lita 20 ambayo hakuna binti aliyeibeba. Maji ya kwanza baada ya kiangazi yaachwe yamwagike kwa kuwa huosha vumbi na kinyesi cha ndege, na ya kunywa yachemshwe. Gata na tangi dogo ni rahisi kuliko makochi ya Mngoja Oktoba.

Kijana aliyerudi kutoka Nairobi ameandika kwamba, baada ya giza la usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, ambapo stima ilipotea karibu nchi nzima na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani kwa muda, alinunua jenereta na katoni za vyakula vya mkebe, na anataka kujua ni chumba gani kinafaa kuwekwa jenereta. Hakuna. Jenereta, sawa na jiko la makaa linaloingizwa chumbani usiku wa Julai, hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini, na hilo si jambo la mzaha. Taa ya sola iliyochajiwa mchana itamtosha. Kuhusu vyakula, bibi yake huhifadhi maziwa bila stima katika sotet, kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kaa la mti wa senetwet, na mursik, yaani maziwa yaliyoganda humo, hudumu siku nyingi. Amwombe amfundishe, na mikebe aigawe kwa chama.

Mwisho kuna aliyepigwa na mvua ya mawe na kumtuhumu jirani kwa uchawi. Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mawe hayo mara nyingi zaidi duniani, kiasi kwamba miaka ya 1960 roketi zilirushwa mawinguni kujaribu kuyazuia, na utafiti uliochapishwa mwaka 1982 ulionyesha kwamba vumbi la majani makavu ya chai lina chembe zinazosaidia barafu kujiunda, hivyo kwamba mchumaji anayekanyaga shamba lake huenda ndiye mshukiwa wa karibu zaidi. Jirani aombwe radhi. Majani yaliyochanwa Machi hupunguza malipo ya Aprili na pengine ya Mei, basi fedha ya miezi miwili ya unga itengwe tangu Oktoba.

Barua kuhusu mgawanyo wa bonasi zipokelewe kabla ya Septemba kuisha. Zile zinazofika Novemba husomwa kwa huruma, lakini hazijibiwi.