Shemeji, Kumbe Viuno Unavyo

"Shemeji, kumbe viuno unavyo!"

Ndivyo nilivyosalimiwa leo asubuhi gengeni, mbele ya muuza nyanya, bodaboda wawili na ustadhi anayemfundisha mwanangu. Shikamoo niliyomwandalia ustadhi ikanikwama kooni. Mke wa jirani hakuishia hapo. Akaweka vitunguu chini, akaonyesha nilivyoshuka hadi sakafuni na khanga kiunoni kwenye send-off ya mdogo wa mke wangu, kisha akataka kujua kwa nini nililia wakati wa keki.

Video ya send-off hiyo sijampa mtu. Haijaingia WhatsApp wala kwenye flash. Imo kwenye kompyuta ya sebuleni kwangu, na jana usiku ilikuwa ya mama mkwe, aliyepanda basi kutoka Korogwe ili aione kwenye runinga kubwa. Mama mkwe hajaiona.

Kompyuta hiyo nimeiwekea seva ya DLNA, programu ndogo inayorusha video, nyimbo na picha kwenye runinga za nyumbani. Hasira nikiiweka pembeni, kitu chenyewe kitamu. Runinga haijui seva iko wapi, kwa hiyo hutuma ujumbe kwenye anwani isiyo ya kifaa chochote, 239.255.255.250, poti 1900: jamani, nani ana video hapa? Hiyo ni anwani ya kundi, na kila kifaa kilichojiunga na kundi husikia. Seva humjibu aliyeuliza, na katika jibu huweka anwani ya ukurasa wenye maelezo yake: jina, alama yake, na namna ya kupekua orodha ya video. Hata isipoulizwa, yangu hujitangaza yenyewe kila sekunde 895. Hakuna aliyeandika anwani popote! Vifaa viwili visivyojuana vimekutana kwa kuitana tu. Nilipoona hilo mara ya kwanza niliwaita wanangu niwaeleze. Waliondoka kabla sijafika kwenye poti.

Sasa, kuitana huko lazima kupite mahali. Kompyuta ina milango: wa waya, wa waifai, na mmoja wa ndani kwa ndani, 127.0.0.1, ambapo kompyuta huongea na nafsi yake. Kila mlango una jina. Zamani ule wa waya uliitwa eth0, yakaisha. Tangu mwaka 2013 hivi, Linux nyingi zimehamia majina yanayofuata mahali kadi ilipochomekwa. Kwenye enp2s0, en ni mtandao wa waya, p2 ni basi la PCI namba 2, s0 ni nafasi namba 0. Wazo zuri, maana mashine yenye kadi kadhaa haizibadilishii majina kila ikiwashwa. Ila ukichomeka kitu kipya, namba za mabasi zinaweza kusogea, na kadi ambayo hakuna aliyeigusa ikaamka na jina lingine.

Fundi aliniongezea diski mpya ndani ya mashine. Ikawaka vizuri, intaneti ikaja, nikamlipa. Chini kwa chini enp2s0 ikawa enp3s0, huku faili la mipangilio la seva likibaki na mstari network_interface=enp2s0.

Mama mkwe akakaa. Chai ikamiminwa. Runinga ikazungusha kile kiduara chake, ikaandika hakuna kifaa. Nikafungua ukurasa wa seva, poti 8200: hesabu ya nyimbo, ya video, ya picha, vyote vimetimia, seva buheri wa afya. "Acha tu, baba," mama mkwe akasema kwa sauti ya kumfariji mfiwa, "hata kwenye simu nitaona."

Kwenye simu? Nikaufuta ule mstari, kwani maelekezo yanasema ukiuacha wazi seva itatumia milango yote. Na waifai ya kompyuta imeunganishwa na ruta ya jirani kwa ridhaa yake. Tunachangia, maana laini yangu hukatika wingu likitanda. Runinga yangu ilikuwa bado imeng'ang'ania jibu lake la kwanza, mpaka izimwe na kuwashwa. Nikiwa natafuta rimoti chini ya kochi nikamsikia MC akiniita jukwaani, kutoka upande wa pili wa ukuta. Mke wangu akainua kichwa: "Hiyo si send-off yetu?" Mama mkwe alikuwa ameshasinzia.

Kabla ya hapo seva hiyo niliiweka ndani ya Docker, programu inayoendesha programu nyingine kwenye kisanduku chake, nayo ikaitangazia runinga 172.17.0.2, anwani isiyofikika kutoka nje ya mashine. Jumapili nzima ikapotea. Waifai ya wageni huzuia vifaa visionane, hilo nalo nimelijua kwa jasho. Ya simu iliyochomekwa USB sitaki kuyasema.

Ucheshi ukome hapa kidogo. Wanaoandika programu hizi wanaiona nyumba yenye laini moja isiyokatika. Kwetu kuna laini ya nyumbani, ya jirani na bando la simu, na kompyuta moja inaning'inia kwenye zote tatu kwa sababu hakuna ajuaye ipi itakuwa hai jioni. Juu ya hayo, seva kama hii haiulizi nenosiri. Anayeisikia ndiye mgeni rasmi. Hata wa kupelekewa malalamiko ya DLNA hayupo: umoja wa kampuni ulioanzishwa mwaka 2003 kusimamia kanuni zake ulivunjwa mwaka 2017, na runinga zake bado ziko kwenye kuta zetu.

Ombi langu ni dogo. Ukurasa wenye nafasi ya kuhesabu picha zangu zote haukosi nafasi ya mstari mmoja, mwekundu, juu kabisa: mlango uliotajwa haupo. Na kabla ya kufungua milango yote, programu iniulize kwanza.