Jua Lisilozama Mezani

Ukitaka kupima ndoa yako, washa laptopu isiyopungua mwanga chumbani saa sita usiku.

"Baba Amina," mke wangu aliguna chini ya shuka, "jua la Isiolo la mchana halikukutosha?"

Sikuwa na jibu. Laptopu yenyewe (shuleni wanaiita kipakatalishi, lakini nenda sokoni ukaulize kipakatalishi uone utakavyotazamwa) ni mtumba nilioununua Nairobi. Nikaitia mfumo wa Ubuntu, kwanza kwa sababu ni bure, pili kwa sababu mpwa wangu aliniambia jina hilo maana yake ni utu. Utu upo, sikatai. Tatizo ni safu ya vitufe vya juu. Nikibonyeza Fn pamoja na chenye picha ya kijua, kipimo kinatokea kwenye skrini na kushuka taratibu hadi sifuri. Mwanga wenyewe uko pale pale. Ni kama bei ya unga: wametangaza imeshuka, ukifika dukani ni ile ile.

Jirani yake, kitufe chenye picha ya ndege, hakina matatizo kabisa. Ukikipapasa tu, mtandao unakatika. Isiolo tuna uwanja wa ndege wa kimataifa uliofunguliwa rasmi 2017, na mimi sijawahi kupandia ndege pale hata siku moja. Mezani pangu lakini napaa mara kumi kwa siku.

Fundi mmoja wa Bulla Pesa aliipindua, akaipuliza vumbi, akataka elfu mbili na mia tano abadilishe kibodi nzima. Nikamwuliza: kibodi ikiwa imekufa, ni nani anayeshusha kile kipimo? Akanitazama kama mteja asiye na pesa. Hapo hakukosea.

Mpwa wangu ndiye aliyeniokoa, ingawa kwanza alinihutubia. Kumbe kitufe hakina hatia. Mashine yangu ina mifereji miwili ya mwanga, mmoja unaitwa acpi_video0, mwingine intel_backlight. Maji yako kwa wa pili. Kitufe kilikuwa kinakaza wa kwanza. Kila kiwanda huunganisha mambo haya kivyake, na Windows huachiwa maelekezo kiwandani. Linux, ambayo ndiyo msingi wa Ubuntu yangu, tangu Linus Torvalds aianzishe 1991, mara nyingi imebidi ijifumbulie.

"Kwa sasa, mjomba, andika namba mwenyewe kwenye faili ya brightness."

Basi ikawa kila jua la Mungu likizama, mimi nakaa kuliteremsha langu kwa amri ndefu kama hati ya shamba. Usiku mmoja, kwa hasira, nikaandika 0. Skrini ikazima tii. Mashine inanguruma, feni inazunguka, sioni hata herufi. Nikachukua mulika mwizi, nikaiuma kwa meno, nikaimulika skrini kwa upande mpaka maandishi yakajitokeza kama vivuli, nikaandika 400 mate yakinitiririka kidevuni.

Mke wangu akafunua shuka. "Sasa hata taa inamulikwa?"

Tiba? Mstari mmoja. Unafungua /etc/default/grub, unaongeza acpi_backlight=native kwenye maneno ya kuwashia, unapiga sudo update-grub, unazima na kuwasha. Kuna mashine zinazotaka vendor badala ya native. Dakika tano, nami nimeteseka miezi miwili!

Nikabonyeza. Mwanga ukashuka. Nikaupandisha, nikaushusha tena, nikamwita Mama Amina aje aone, akasema ameona, nizime tulale.

Ila kwa miezi miwili ya kuvigandamiza vile vitufe kwa hasira, picha zake zimefutika. Kijua hakipo, ndege haipo, vyote ni vyeusi. Jana usiku, safu hii ikiwa njiani kwenda kwa mhariri, nikanyoosha kidole gizani nipunguze mwanga kidogo.

Nikapaa.