Kuyasifu maji yasiyosifika

Mombasa wana Fort Jesus, na chini yake bahari. Sisi tuna Fort Ternan, na chini yake reli. Ngome yao Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikazingirwa, ikapiganiwa, na mpaka leo inapigwa picha na watu waliovaa kofia pana. Yetu ilipewa jina la kanali Mwingereza, Trevor Ternan, na kwa miaka mingi sifa yake kuu ilikuwa kwamba treni ya Kisumu ilisimama hapo, ikashusha watu na kuku, ikaondoka. Sijasikia abiria aliyeshuka akiwa na miwani ya kuzamia shingoni. Kwa sababu hiyo nimejipa kazi ambayo hakuna aliyeiomba: kuyasifu maji ya huku kwetu, ya baridi, yenye rangi ya chai ya maziwa, ambayo mpiga mbizi akizama ndani yake haoni chochote ila uamuzi wake wa kuzama.

Baridi ndiyo ya kutangulizwa. Mto wetu, Kipchorian, unateremka kutoka pande za Londiani, na ingawa unapofika kwetu tayari uko karibu na miwa ya Koru, haujasahau ulikotoka. Alfajiri ya Julai, tia mguu tu, mwili wote utapata habari. Wataalamu wanasema maji hunyang'anya mwili joto takriban mara 25 zaidi ya hewa yenye baridi ileile, na kwamba anayejitosa ghafla hukatika pumzi akahema ovyo kwa dakika moja au mbili. Hiyo ni hatari, wala sitanii: akihema kichwa kikiwa chini ya maji, basi. Lakini aliyeingia polepole, maji yakamfika kifuani, akashikilia mzizi wa mti, huyo ana la kujifunza. Kwa dakika hizo mbili hawezi kutoa hotuba. Mbunge, mhubiri, mwenyekiti wa ushirika, kila mmoja anabaki na neno moja, nalo si la kuchapishwa. Nimewahi kufikiria mikutano ya wakulima wa chai ingefanyika humo. Bonasi ingetangazwa kabla ya saa mbili asubuhi, na hakuna ambaye angesimama kusema ana mambo machache tu ya kuongezea.

Kuna samaki aliyeyathamini maji ya namna hii kuliko sisi. Mwaka 1905 Ewart Grogan alitia trauti kutoka Scotland katika Mto Gura, kule Aberdare, na baadaye samaki huyo akapelekwa kwenye mito mingine ya nyanda za juu, Kericho ikiwemo. Trauti ana maringo. Maji yakizidi nyuzi 20 ananuna, yakikaribia 25 anakata tamaa ya maisha. Ana hoja: maji ya nyuzi 10 huweza kubeba oksijeni mara moja na nusu ya ile inayobebwa na maji ya nyuzi 30. Kwa hiyo yale maji ya uvuguvugu yanayosifiwa kwenye matangazo ya hoteli ni chumba chenye madirisha yaliyofungwa, na sisi tunaotetemeka huku juu ndio tulioketi penye hewa.

Tena msidhani kuzama ni mambo ya wageni na mitungi yao. Hollis, aliyeandika kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, anaeleza bwawa linalotengenezwa kwa kuziba mto, kibanda kikajengwa ndani yake, na vijana wa jando wakapita humo wamezama kabisa. Hiyo ndiyo kapkiyai. Wakipsigis nao wanaijua. Hapakuwa na suti ya mpira, hapakuwa na cheti chenye picha, na mwalimu hakuuliza kama kuna mwenye pumu. Ukitaka maelezo zaidi nenda kwa mzee yeyote aliyeyapita hayo. Atakukaribisha, atakupa mursik, atakuuliza habari za ng'ombe wenu, na utarudi nyumbani hujui lolote kuhusu bwawa. Maji yanayofunga vinywa vya watu kwa miaka hamsini yanastahili heshima kidogo.

Watu wa pwani watasema hayo ni ya mitoni, bahari yao haina baridi. Wanasahau kusi. Kaskazi inapovuma, kati ya Novemba na Machi, maji ya Watamu na Kisite hufika nyuzi 28 hata 30, na unaona matumbawe utadhani umeyawekea kioo. Kusi ikiingia, bahari inashuka hadi kama nyuzi 25, mawimbi yanakoroga mchanga, wageni wanatoweka, na wenye biashara ya kuzamisha watalii wanapata nafasi ya kupaka boti rangi. Na nyuzi 25 wanaziita baridi! Nimemwona kijana wa Pwani akitoka kwenye maji hayo anadai taulo na tangawizi. Mleteni Fort Ternan.

Kusi hiyohiyo ikishavuka kwetu inaendelea kaskazini, na huko ndiko inakofanya maajabu. Inasukuma maji ya juu yaondoke pwani ya Somalia na ya Dhofar, Oman, na maji baridi ya kilindini yanapanda kuziba pengo. Katikati ya kiangazi cha Arabuni, wakati Mwomani wa Maskati hawezi kushika usukani wa gari bila kitambaa, bahari ya Mirbat inaweza kushuka chini ya nyuzi 20, na misitu ya mwani wa kahawia inaota chini ya maji. Kwenye miamba hiyo hukaa sufailah, konokono wa bahari mwenye bei ya kutisha. Msimu wake ukifunguliwa, kwa siku chache mwishoni mwa mwaka, watu wa Mirbat, Sadah na Hadbin wanamzamia kwa pumzi zao wenyewe, kisu mkononi, na kumbandua mwambani. Baridi ndiyo inayoleta rutuba, rutuba inaleta mwani, mwani unamlisha sufailah, sufailah anajenga nyumba. Sijaona nyumba iliyojengwa na maji ya uvuguvugu, isipokuwa hoteli.

Nageukia tope, kwa maana baridi ina watetezi wake lakini tope halina hata mmoja. Maji yetu yanaingia Nyando, Nyando inapita Muhoroni na Ahero, kisha inamimina yote katika Ghuba ya Winam, na doa lake la kahawia huonekana kwenye picha za setilaiti. Mwambao wetu ndio huo, ukitaka kuuita mwambao. Ukizama humo ukanyoosha mkono, kiganja kinakuwa cha kudhaniwa tu. Gugumaji likifunika juu, huhitaji hata kufumba macho. Sitaficha kwamba doa lile lilikuwa shamba la mtu, na kwamba kila mvua kubwa inapopita mkulima fulani wa huku juu anakuwa ametuma mbolea yake Kisumu bila kulipwa. Hilo si la kusifiwa, nami naliacha hapo kama lilivyo.

Ila tope lina kazi moja ambayo maji meupe hayaiwezi. Mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira Fort Jesus, meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama hatua chache kutoka kwenye kuta za ngome. Ingelala kwenye mchanga mweupe penye maji ya bluu ya kadi za posta, wadudu wa baharini wanaotoboa mbao wangeimaliza kabla wajukuu wa mabaharia hawajaota ndevu. Ililala kwenye tope la bandari. Wachimbaji wa mambo ya kale waliposhuka kuanzia 1977 hadi 1980, walikuta sehemu ya kiunzi chake bado ni mbao, na karibu yake vyombo vya kauri vya Kichina. Walifanya kazi katika maji yasiyoonyesha mbali, wakipima na kuchora kwa subira, mara nyingine vidole vikitangulia macho. Karibu miaka 280 tope lilikuwa limekaa juu ya mali ile, halikuuza hata sahani moja. Nionyesheni ghala lingine nchini lenye rekodi hiyo.

Huenda ndiyo sababu vitu vizee huchagua mahali pasipopendeza. Silakanti, samaki ambaye wasomi walidhani alitoweka pamoja na dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, alinaswa pia nje ya Malindi mwaka 2001. Katika bahari yote ile yenye joto na mwanga, yeye hukaa kilindini penye giza na maji ya nyuzi kati ya 15 na 20 hivi. Nasi huku tuna mzee wetu. Mwaka 1961, kwenye shamba la Fred Wicker hapa Fort Ternan, Louis Leakey alipata mifupa ya nyani wa kale aliyepewa jina la Kenyapithecus wickeri, mwenye umri wa miaka milioni 14 hivi, aliyehifadhiwa na udongo wa majivu ya volkano ya Tinderet. Yeye hakuzama popote. Lakini kwa tabia ya kufunikwa na uchafu akanyamaza mpaka atafutwe, ni ndugu kabisa na ile meli.

Limebaki jambo moja, la kiafya. Mpiga mbizi akitoka baharini, damu yake ina naitrojeni ambayo haijamaliza kutoka, naye haruhusiwi kupanda juu haraka, iwe kwa ndege au kwa barabara ya mlimani. Aliyezama mara kadhaa anashauriwa angoje saa 18. Sasa mhesabieni mtu wa Kericho aliyekwenda kuzama Diani Jumapili, naye nyumbani kwao ni zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na njiani kuna Nairobi na Mau Summit. Jumatatu asubuhi, wakati majani chai yanapimwa na mizani haimngoji mtu, yeye bado yuko Ukunda anatazama saa na kulipia chumba. Sisi tunaozama huku tunatoka mtoni tukiwa tumeshapanda tayari. Tunavaa shati, meno yanagongana kidogo, tunabeba kikapu.