Karibu Kizimkazi, Njoo na Filamu Yako ya Mapenzi

Hongera. Umeandika hadithi ya mapenzi mazito, machozi kila ukurasa wa tatu. Umeazima kamera ya binamu yako, na umeshakata shauri kwamba pahali pa kuwaliza watu ni Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kwa kuwa uliona picha ya machweo kwenye simu ya mtu. Maelekezo haya ni yako. Yafuate hatua kwa hatua. Hayatakuokoa, ila siku utakapokaa chini ya mkungu ukilia bila kuambiwa "eksheni", utajua umefika hatua ya ngapi.

Anza na karatasi. Kibali ulichopewa Bara kiache Bara. Ukishuka bandarini Malindi umeingia kwa wenyewe, na huku kuna Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, BASSFU kwa ufupi, na skripti husomwa kabla hujafungua mfuniko wa lenzi. Usitishike. Ile sini ya 14, uliyoandika "wanakumbatiana kwa muda mrefu", iandike "wanatazamana kwa muda mrefu". Sini ya 15 inaanza asubuhi, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Ukitoka hapo nenda kwa sheha. Nenda kwa miguu yako, usitume kijana na barua. Piga hodi, kaa unapooneshwa, kunywa chai yote, jibu maswali ya ukoo wako mpaka kwa babu. Filamu usiitaje. Ataitaja mwenyewe, maana habari zako zilishuka kwenye daladala ya 326 kabla ya mabegi yako. Wala usidhani kamera itawashtua watu: hiki ni kijiji cha Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye 2022 alionekana duniani akimtembeza mgeni ndani ya filamu ya The Royal Tour. Angalia tu jambo moja. Kizimkazi ni mbili, Dimbani na Mkunguni, kila moja na sheha wake. Utagundua umekunywa chai ya upande usio wako kikombe cha pili kikiwa kimekwisha, na adabu haikuruhusu kuinuka kabla ya cha tatu.

Najua unachotaka kusema. "Mbona Amil Shivji aliweza?" Aliweza. Aliichukua Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999, akakaa na Jenna Bass wakaigeuza skripti, akatoa dakika 92 za Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mzee, akaikimbia ndoa hiyo na kumwangukia Denge, kijana anayesakwa na serikali ya Mwingereza. Mwaka 2021 filamu ikaoneshwa Toronto. Mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar, jambo ambalo nchi haikulifanya tangu filamu ya Maangamizi, mwaka 2001. Tena yeye alibeba mzigo usiokuwa nao wewe. Watazamaji wake walishamsoma Yasmin kidato cha tano na cha sita, wakamwandikia insha, wakapewa maksi, na kila mmoja anaye Yasmin wake kichwani. Wa kwako hakuna anayemjua. Hiyo ndiyo faida yako pekee, itunze, usimhadithie mtu mwisho wa filamu. (Utauhadithia. Jioni ya kwanza, barazani, kahawa ya pili.)

Sasa lugha. Kwenye skripti yako kijana anamwambia msichana, "Beibi, siwezi kuishi bila wewe." Popote utakapotega kamera, atatokea bibi mmoja na mkeka wake, akae nyuma ya mwongozaji, pahali ambapo hata mwenye pesa za filamu hathubutu kukaa. Mpe shikamoo. Atasikiliza mara tatu bila kusema neno. Ya nne atauliza.

"Mwanangu, huyu kijana ana homa?"

"Hana, bibi. Anapenda."

"Basi mbona anapiga kelele? Nyumba ya tatu wamesikia. Kesho atakwenda kuposa kwa uso gani?"

Usibishane naye. Wa rika lake ndio waliokwenda Mjini kumtazama Raj Kapoor na Nargis ndani ya Awaara, filamu iliyoiteka Unguja miaka ya 1950, enzi ambazo Jumapili haikuwa Jumapili bila picha ya Kihindi. Walikaa Majestic, walikaa Empire, walikaa Sultana, ambayo baada ya Mapinduzi iliitwa Cine Afrique. Huba wamefundishwa na watu waliokaa nusu saa wakitazamana, halafu wakaimba. Wewe umefundishwa na simu. Badilisha mstari. Bibi atakupa mwingine, mfupi, wenye fumbo ndani, ambao huufahamu. Uweke hivyo hivyo ulivyo. Ole wako umuulize maana yake mbele ya watu.

Kuhusu kugusana: hapana. Vidole vinaweza kukutana juu ya sahani ya halua, sekunde moja, na hina iwe imeiva. Zaidi ya hapo kamera igeukie dirishani. Itageukia dirishani mara nyingi kuliko unavyofikiri, kwa hiyo tafuta dirisha zuri, na kabla ya kila teki tuma mtu akamwondoe mbuzi. Atarudi. Mbuzi, siyo mtu.

Mavazi nayo. Hili nililiona kwa macho yangu, katika filamu moja ambayo kazi yangu ilikuwa kubeba waya wa maiki. Mtu wa mavazi, msichana hodari wa rangi, alinunua doti ya kanga Darajani kwa sababu wekundu wake ulikuwa ukiitikia machweo. Jina hakulisoma. Mwigizaji akajitanda, akasimama ufukweni mgongo kwa kamera, mpenzi anaondoka, upepo unaipeperusha kanga taratibu, na pale mgongoni, kwa herufi kubwa nyeusi, kanga inamwambia jirani asiye na kazi aache kuhesabu sahani za wenzake. Wanawake waliokaa juu ya mashua iliyopinduliwa wakaanza kutikisika mabega, vinywa wameviziba kwa ncha za buibui. Mwongozaji akaona wanalia. Akatuambia kwa kunong'ona kwamba hajapata kuona sini iliyogusa watu namna ile, na turudie. Tulirudia mara sita, na mara zote sita waliguswa. Kwa hiyo soma kanga kabla hujasoma skripti. Ukishaisoma, mtafute mwanamke akusomee tena, maana ulichoelewa wewe sicho.

Tuje baharini, ambako ndiko utakakozama. Sini ya kuagana utaipiga ufukweni, sijui nani aliweka sharti hili lakini hakuna aliyewahi kulivunja: katika filamu za huku hakuna anayeachwa kituo cha daladala, japo katika maisha wote tumeachwa hapo. Basi jifunze maneno mawili, bamvua na maji mafu. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na siku hizo bahari ya Unguja hupanda na kushuka kiasi cha mita nne. Hujaa mnamo saa kumi alasiri. Asubuhi yake, mnamo saa nne, ilikuwa imekwenda zake. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50, na hapa katikati, wakati wa maji mafu, bahari haina haraka ya kupanda wala kushuka. Hesabu hii kila mtoto wa Dimbani anayo kichwani. Wewe unayo ratiba iliyochapwa, yenye rangi tatu.

Ratiba inasema Jumatatu alasiri. Kijana anapanda ngalawa, maji yamemfika kiunoni, wimbi linampiga, uchungu mtupu, umepata ulichokitaka. Ratiba inasema Jumanne saa nne asubuhi. Msichana amesimama pale pale, anamtazama akitokomea. Unageuza kamera kufuata macho yake. Mchanga. Mashua zimelala ubavu kama watu waliokula pilau. Ngalawa ya jana imeegemea nguzo, kuku yuko ndani. Mama mmoja anaokota chaza pahali palepale ambapo jana mpenzi alikuwa nusura azame. Utamwomba asogee kidogo. Atasogea kidogo, ataendelea kuokota. Ukimwuliza mzee wa ngalawa maji yatarudi lini, atakutazama kwa huruma na kujibu, "Yatarudi, inshaallah, yana mwenyewe." Utaamua kuziunganisha picha hizo mbili hivyo hivyo, na utasema hakuna atakayegundua. Usiseme kwa sauti, mzee angali pale.

Mwanga. Kizimkazi inatazama upande jua linakozama, ndicho ulichofuata, na ni kweli ni kizuri. Lakini huku karibu na ikweta jua halizami, linadondoka. Una dakika ishirini hivi za wekundu, na jua likigusa maji tu, adhana ya magharibi. Dereva ataweka funguo chini. Kijana wa jenereta ataacha kamba. Mzee wa ngalawa, uliyemlipa apite mara tatu mbele ya jua, atapita mara moja na nusu kisha apige kasia kurudi pwani. Hakuna aliyekugomea. Hakuna hata aliyekuaga, kwa sababu haikuwapitia akilini kwamba wewe ulikuwa na mpango mwingine. Kibla cha msikiti wa Dimbani kina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Kuta zake zimejengwa upya baadaye, ila saa ya swala haijajengwa upya. Utabaki na mwanga bora kuliko wote uliopata kuuona maishani, na mbuzi. Utasema mtapiga wakimaliza kuswali. Wakimaliza ni usiku.

Sauti haina maelezo marefu. Asubuhi kuna injini za mashua zinazowapeleka wageni kutazama pomboo. Mchana kunguru. Alasiri watoto wametoka chuoni na wanataka kujua unafanya nini, mmoja mmoja. Usiku ni kimya kabisa, kimya cha kurekodi, na hapo ndipo unapowasha jenereta.

Machozi usiyahangaikie. Kitunguu ulichonunua kwa ajili ya macho ya mwigizaji kitaingia kwenye mchuzi wa pweza, kwani mpishi hakuambiwa kwamba ni cha sanaa. Mchuzi utakuwa mtamu na utasahau kukasirika. Mwigizaji atalia mwenyewe siku ya tatu, atakapokuuliza malipo ukamjibu ni baada ya filamu kuuzwa. Atalia vizuri, kwa utulivu, bila kukunja uso. Kamera itakuwa kwenye chaji.

Ukishamaliza utaanza kuota Ngome Kongwe, watu wamekaa chini ya nyota wakati wa ZIFF, tamasha la filamu lililofungua pazia lake la kwanza 1998 na ambalo wewe utalifungua upya. Ota. Lakini kabla ya hapo una deni: kikombe cha tatu, mwanzoni kabisa, ulimwahidi sheha kwamba kijiji kitaiona kwanza. Azima shuka nyeupe, itundike kwenye goli la uwanja wa skuli, omba upepo usivume. Utavuma. Watakuja wote, hata wale wa upande wa chai ya makosa.

Kaa nyuma ujionee. Wapenzi hawatatazamwa na mtu. "Yule si ng'ombe wetu?" "Hebu, huo ukuta si wa kwa Maalim, haujapakwa chokaa bado?" Kanga itasomwa kwa sauti moja, kama darasani. Mbuzi wa dirishani atapigiwa makofi kila akitokea, na atatokea mara tisa, nawe ulikuwa na hakika umemkata. Kisha itafika sini ya kuagana. Kimya, safari hii cha kweli. Kijana anapanda ngalawa, maji kiunoni. Msichana anageuka, chozi linashuka. Kamera inafuata macho yake mpaka kwenye ule mchanga, na kutoka safu ya mbele, kwenye mkeka, utaisikia sauti unayoijua.

"Huyu analilia nini naye? Maji yametoka. Si amfuate kwa miguu?"

Usiwashe taa wakati wanacheka. Subiri watoke, kunja shuka kwa kufuata mikunjo yake ya mwanzo, na uirudishe usiku huohuo, maana kesho ni Ijumaa na mwenyewe anaitaka imeshafuliwa.