Sifa za Rola, Mla Tairi

Rola haijapata wakili, nami najitolea. Nasema kile kipande cha chuma cha mviringo kilicho nyuma ya stendi ya mazoezi, kinacholikandamiza tairi la nyuma ili mtu mzima mwenye akili timamu, na barabara iko mlangoni, anyonge baiskeli saa nzima sebuleni na asifike hata jikoni. Maadui zake ni wengi. Wanasema inapiga kelele, inanuka mpira ulioungua, inaacha vumbi jeusi sakafuni, na jirani wa chini ameshagonga dari kwa mpini wa ufagio. Yote kweli. Lakini hata mshtakiwa hupewa nafasi ya kusikilizwa.

Kwanza, ni karimu kupita kiasi. Barabarani, kilomita 40 kwa saa ni mali ya wachache. Rola inazigawa bure: legeza kidogo skrubu inayoibana kwenye tairi, tia gia nzito, namba ipande. Usiulize imetoka wapi. Barabarani mdai mkubwa ni hewa. Ukishapita kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare, sehemu kubwa ya nguvu zako inakwenda kuisukuma hewa pembeni, na ukitaka kuongeza mwendo maradufu, hewa peke yake inadai nguvu mara 8. Sebuleni haikudai senti, maana huendi popote. Mmarekani Charles Murphy alikwepa deni hilo kwa njia ngumu zaidi. Tarehe 30 Juni 1899, huko Long Island, alijibanza nyuma ya behewa la treni, akinyonga juu ya mbao zilizotandikwa katikati ya reli huku behewa likimkinga upepo, akamaliza maili moja kwa sekunde 57.8. Hiyo ni takriban kilomita 100 kwa saa. Murphy alihitaji treni nzima. Wewe unahitaji skrubu.

Pili, haina ubaguzi. Mlimani kila kilo ya mwili hulipiwa, na mwenye kitambi analijua hilo kabla ya kona ya kwanza. Kwenye stendi, anayelibana tairi ni skrubu, wala si tumbo, hivyo mnene na mwembamba wanakutana na uzito uleule wa pedali. Ni programu za mbio za kwenye skrini ndizo zilizoleta ubaguzi, kwa kuuliza uzito wako ili zikokotoe mlima wa kufikirika. Matokeo yake, watu wazima wenye familia wanapungua kilo 10 kwa kugusa kitufe. Rola haijawahi kumfanya mtu yeyote aseme uongo wa namna hiyo.

Wanaoiita kigeugeu ndio wanaonikera hasa. Jana, wanalalamika, miguu ileile na gia ileile vilitoa kilomita 32 kwa saa, leo 28. Ndugu zangu, huo si ugeugeu, ni unyeti. Rola ni nyembamba, kwa hiyo inazama zaidi kwenye tairi kuliko lami inavyoweza. Tairi likipungua upepo, linabonyea zaidi kila linapopita hapo, na kila kubonyea kunakula nguvu. Skrubu ikibanwa zaidi, hali ni hiyohiyo. Tairi likiwa bado baridi, mpira ni mgumu na unagoma. Likipata joto linalainika, na namba inapanda bila wewe kufanya lolote la kujivunia. Waliokua na baiskeli ya dainamo hawahitaji maelezo haya. Ukiibonyeza ikaegemea ubavu wa tairi, taa inawaka na pedali zinakuwa nzito papo hapo. Rola ni dainamo isiyotoa mwanga.

Nyuma ya rola kuna mshirika wake, kifaa kinachoizuia isizunguke kirahisi, na hapo pana aina tatu. Ya feni hupiga hewa kwa mapanga na kuiga upepo wa barabarani vizuri, kelele zikiwa juu kabisa. Ya sumaku ni ya kimya, lakini uzito wake haupandi kwa ukali kama wa hewa, kwa hiyo ukikimbiza gia kubwa unapata mwendo ambao barabarani usingeuona. Ya mafuta ndiyo niipendayo: mapanga yanakoroga mafuta ya silikoni ndani ya chumba kilichofungwa, na kadiri unavyokimbia ndivyo yanavyokukaba. Ila mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mafuta yakipata joto yanakuwa mepesi, na ukali unapungua. Ndiyo maana wajuzi hunyonga dakika 10 kwanza, ndipo wapime.

Kama bado hujashawishika, sikiliza ya Mathew Hayman, mwendesha baiskeli wa Australia. Mwishoni mwa Februari 2016 alivunjika mkono katika mbio za Omloop Het Nieuwsblad huko Ubelgiji. Barabara ikamkataa, kwa kuwa mkono uliovunjika haustahimili mitikisiko. Stendi ikampokea. Alijifungia ndani akinyonga mbele ya skrini, na tarehe 10 Aprili akashinda mbio za Paris-Roubaix, zaidi ya kilomita 250, zaidi ya 50 kati ya hizo zikiwa za mawe, akimwacha nyuma Tom Boonen aliyekuwa akitafuta ushindi wake wa tano katika mbio hizo. Sisemi kwamba stendi ndiyo iliyoshinda. Nasema tu kwamba Boonen hakuvunjika mkono.

Zawadi ya mwisho ya rola ni jasho, nayo haina kipimo. Mwili wa binadamu ni injini ya hasara: katika nishati yote unayochoma, takriban robo tu ndiyo inayofika kwenye pedali. Ukinyonga kwa wati 200, wati zipatazo 600 nyingine zinabaki mwilini kama joto. Barabarani, upepo uleule uliokuwa ukiutukana ndio uliokuwa ukikupoza. Ndani haupo. Jasho linadondoka kwenye usukani, linapenya kwenye skrubu zake, na chumvi inaanza kutengeneza kutu mahali usipopaona hadi siku skrubu itakapokatalia bisibisi. Hata hilo nalihesabu kuwa wema, kwa sababu mafundi nao wanapaswa kula.

Basi, msomaji, ukiamua kumkaribisha mgeni huyu nyumbani, nunua feni kubwa kabla ya kitu kingine chochote, uielekeze kifuani. Jaza upepo uleule na ubane skrubu kwa mizunguko ileile kila siku. Tandika taulo juu ya usukani, na hakikisha inafunika ile namba ya kilomita kwa saa.